Jinsi ya kuisoma nyumba ya zamani ukiwa umesimama tu nje, kuanzia London mpaka Sokoine Drive

Shemeji yangu anaishi London, mwezi uliopita alienda ubalozini kwetu mambo ya paspoti, akiwa anasubiri akatoka nje akapiga picha akanirushia WhatsApp na swali moja, "shem, hivi nchi ndo imekosa hela kiasi hiki? Ubalozi gani umebanwa katikati ya nyumba za watu kama fremu ya Kariakoo?" Nilicheka sana aisee. Ubalozi wetu upo Stratford Place, kamtaa kafupi kanakochomoza Oxford Street, na huo mtaa ulijengwa miaka ya 1770 kwa ajili ya watu wenye hela zao, kwa hiyo hapo tulipobanwa ni pazuri kuliko anavyodhani. Nikamjibu kwa voice note tatu ndefu, mke wangu akasema badala ya kuchosha watu masikio si uandike. Basi naandika, na kwa kuwa wengi wetu tuko Dar na nauli ya London hatuna, nitaonyesha pia jinsi ya kufanya zoezi hapahapa mjini, maana maswali ni yaleyale.

Kwanza jina lisikupoteze. Nyumba za aina ile Waingereza wanaziita za Kijojia, na haihusiani kabisa na ile nchi ya Georgia. Walikaa wafalme wanne mfululizo wote George, wa kwanza kaanza 1714, wa nne kafa 1830, nyumba zilizojengwa humo katikati zikachukua jina lao. Mimi naziita nyumba za akina George, inatosha. (Makumbusho yetu pale Shaaban Robert ilipofunguliwa 1940 ilipewa jina la Mfalme George wa Tano, huyo ni wa juzi tu, usimchanganye na hawa.)

Sasa kosa la kwanza la watu wengi wakisimama mbele ya nyumba ya zamani ni kuanza na urembo, oh nguzo nzuri, oh mlango mzuri. Urembo waachie wapiga picha. Wewe anza na sheria na hela, yaani jiulize serikali ilimkataza nini huyu mjenzi, na alikuwa anabana matumizi wapi. Sura ya nyumba ya mjini, asilimia kubwa imetoka hapo.

Anza na dirisha, tena usiangalie dirisha lenyewe, angalia limezama kiasi gani ndani ya ukuta. Mwaka 1666 London iliungua, zikateketea nyumba zaidi ya 13,000, nyingi za mbao, na kuanzia hapo sheria za ujenzi zikawa kali. Tofali au jiwe, mbao nje hatutaki. Sheria ya 1709 ikasema fremu ya dirisha isikae usawa wa uso wa ukuta, irudi ndani inchi 4, kama sentimita 10 hivi, ili moto ukipita nje usidake mbao kirahisi. Halafu ya 1774 ikaongeza kwamba lile boksi la mbao linalobeba dirisha lifichwe nyuma ya tofali kabisa. Kwa hiyo ukiona fremu pana inaonekana yote na iko mbele karibu na uso wa ukuta, hiyo huwa ni ya mwanzoni mwa enzi hizo, ukiona dirisha limezama na mbao zinazoonekana ni nyembamba kama vijiti basi uko mwishoni mwa miaka ya 1700 au baadaye. Si kipimo cha asilimia mia maana watu walibadilisha madirisha baadaye, ila ni pa kuanzia, na hakuna tiketi unayolipa kukipima, kidole tu.

Na hayo madirisha hayafunguki kwa bawaba kama yetu. Ni vipande viwili, unapandisha cha chini au unashusha cha juu, ndani ya fremu kuna kamba na chuma kizito kinaning'inia, ndicho kinachofanya dirisha libaki pale ulipoliachia. Mara nyingi utahesabu vioo sita juu na sita chini. Kwa nini vidogovidogo? Kioo kizuri kipindi hicho kilikuwa kinapulizwa halafu kinazungushwa mpaka kinafunguka kuwa sahani kubwa, ukikata sahani ya duara hupati kipande kikubwa. Vioo vya asili vikipigwa na jua utaona taswira inacheza kama maji, fundi akishavitoa akaweka vipya vilivyonyooka nyumba inakuwa kama mtu kavaa meno ya bandia.

Ukishamaliza kina, pima urefu wa madirisha kwa macho kwenda juu. Ghorofa ya kwanza yatakuwa marefu kuliko yote, ya pili yamepungua, ya juu kabisa yamekuwa kama ya stoo. Hapo umeshaijua familia yote bila kuingia. Sebule ya kupokelea wageni ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya vumbi na kelele za farasi, kwa hiyo hela ikamwagwa pale, juu yake vyumba vya kulala, na kule juu kabisa kwenye joto la kiangazi na baridi ya Januari wanalala wafanyakazi wa ndani. Jiko liko chini ya ardhi. Utaona mbele ya nyumba kama shimo refu limezungushiwa nondo nyeusi, lile linampa mpishi mwanga na mlango wake mwenyewe, asipishane na wageni. Na chini ya lami ya watembea kwa miguu kuna stoo ya mkaa wa mawe, angalia chini utakuta kifuniko cha chuma cha duara kidogo, mleta mkaa alikuwa anafunua anamwaga moja kwa moja bila kuingia nyumbani kwa mtu. Watu wanapita juu yake kila siku wanadhani ni cha maji taka.

Kuna madirisha mengine utakuta yamezibwa kwa tofali. Hapa kila mtu anakimbilia kusema kodi. Ni kweli kulikuwa na kodi ya madirisha kuanzia 1696 mpaka 1851, ukiwa na mengi unalipa zaidi, watu wakaziba (sisi kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, hebu fikiria wangehesabu madirisha, Sinza yote ingekuwa giza). Lakini mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu nyuma yake kuna bomba la moshi au ngazi ila mjenzi alitaka uso wa nyumba ulingane kushoto na kulia. Namna ya kutofautisha, angalia tofali za pale palipozibwa kama ni za rangi na mpangilio mmoja na ukuta wote. Zikiwa zimefanana, uwezekano mkubwa lilizaliwa kipofu. Zikiwa tofauti, kuna mtu aliziba baadaye, kwa kodi au kwa sababu zake.

Mpangilio wa tofali wenyewe ni rahisi kuushika, tofali moja limelala ubavu, linalofuata limeonyesha kichwa, tena ubavu, tena kichwa, mstari mzima. Hiyo ndo mbele. Nyuma ya nyumba mara nyingi walitumia tofali za bei ya chini bila mapambo, kwa hiyo ukipata upenyo wa kuzunguka nyuma zunguka, nyumba inasema ukweli nyuma.

Paa sasa. Ukiwa barabarani hulioni, mbele umepandishwa ukuta mfupi umelificha. Hii nayo ni sheria, 1707 walipiga marufuku zile mbao za kuchomoza chini ya paa, ukuta ukapanda juu ukapita paa. Ndugu zangu mnaojenga Goba na Madale, zile nyumba ambazo mafundi wanaita hideni na tunaziona ni za kisasa, wenzetu walishaanza kuficha paa miaka 300 iliyopita kwa kuogopa moto, na tatizo lao ni lilelile mnalolalamikia ninyi kila masika, maji yanatuama nyuma ya ule ukuta, mfereji ukiziba kwa majani tu dari imekwisha. Kwa hiyo ukiona doa la maji juu kabisa ya ukuta wa mbele, tatizo si rangi, usimwite mpaka rangi, mwite mtu apande akazibue mfereji.

Upana nao usomwe. Nyumba hizi ni nyembamba, madirisha mawili au matatu tu kwa upana, halafu zimeingia ndani ndefu, na zimegandana na jirani ukuta mmoja. Mwenye ardhi alikuwa lodi fulani, hakuuza, aliwakodishia mafundi na wafanyabiashara vipande kwa mkataba wa miaka mingi, mara nyingi 99, kama hati zetu tu, na mjenzi anataka viwanja vingi vyenye uso wa barabara kwa hiyo anabana upana. Sheria ya 1774 ikazipanga nyumba kwa madaraja manne, daraja la kwanza ni ya thamani ya zaidi ya pauni 850 na eneo la zaidi ya futi za mraba 900, la nne ni chini ya pauni 150. Ndo maana mtaa mzima unafanana kama sare ya shule.

Swali la mwisho kwa upande wa kule, hela ilitoka wapi. Baadhi ya nyumba nzuri za akina George zililipwa na sukari ya Karibi, na sukari ililimwa na watumwa kutoka Afrika. Uingereza ilipofuta utumwa kwa sheria ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata kitu, na majina ya waliolipwa yamewekwa kwenye intaneti na chuo kikuu cha UCL, unatafuta bure. Ukishaisoma nyumba kwa macho, katafute mwenyewe humo. Na usijione uko salama kwa sababu uko Dar, tunakuja huko sasa hivi.

Haya, zoezi. Chagua Jumapili asubuhi, mji uko kimya, panda mwendokasi shuka Posta ya Zamani, vaa kofia. Simu piga picha za majengo tu, upande wa bandari na Ikulu achana nao kabisa, usije ukaanza kujieleza kwa watu wasio na haraka.

Anza Old Boma, Sokoine Drive karibu na boti za Zanzibar. Ilijengwa 1866 na 1867 enzi za Sultan Majid wa Zanzibar, kwa ajili ya wageni wake, wakati anaanzisha mji wake mpya hapa. Rudia maswali yaleyale. Dirisha limezama? Limezama sana, lakini hapa si sheria ya moto, ni unene wa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unazuia joto. Upana? Vyumba vya nyumba za namna hii ni vyembamba, na anayeamua si mwenye ardhi, ni mkoko. Dari inabebwa na boriti, na boriti nzuri ya mkoko haikuvushi zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo chumba kinaweza kurefuka unavyotaka ila upana umeshapangiwa na mti. Ukishajua hili, ukiingia nyumba yoyote ya pwani ya zamani ukakuta chumba kipana hakina nguzo katikati, ujue kuna chuma au zege limeingia baadaye. Mlango wa nakshi usimame nao dakika kadhaa. Leo mle ndani kuna kituo cha urithi wa usanifu, DARCH, kina maonyesho ya jinsi mji ulivyokua, mlinzi ukimsalimia vizuri atakuelekeza.

Hatua chache tu kuna Atiman House, nayo ni ya wakati wa Majid, baadaye ikawa ya wamisionari wa White Fathers. Hapa ndo lile swali la hela linageuka. Zanzibar ya Majid iliishi kwa karafuu, pembe na watumwa, soko la watumwa lilikuja kufungwa 1873 wakati wa mdogo wake Barghash. Na jina la nyumba ni la Adrian Atiman, mtoto aliyeibwa kuwa mtumwa huko Afrika Magharibi, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari, akatibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika toka 1889 mpaka uzeeni, akafariki 1956. Mimi kila nikipita pale nasimama, sijui kwa nini watoto wa shule hawapelekwi.

Makanisa ya Mtakatifu Joseph na Azania Front ni ya Wajerumani, yote yalimalizika 1902, angalieni mapaa makali yale yaliyozoea theluji halafu mwendelee, hayo kila mtu anayajua. Kilicho muhimu kwa Wajerumani ni kwamba walihamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891 na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba, eneo hili nyumba za kizungu tu, lile nyumba za namna nyingine. Hawakuandika rangi ya mtu, waliandika aina ya nyumba, ila matokeo unayajua. Waingereza walioingia 1916 wakaendeleza, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati kutenganisha. Ndo nilichokuwa namwambia shem, kule sheria ilipanga inchi za dirisha, huku ilipanga nani akae wapi.

Malizia Uhindini, mitaa ya Jamhuri, India na Indira Gandhi, hapa ukitulia unaweza ukashinda. Hizi ndo ndugu wa karibu wa zile za London, nyembamba, zimeshikana, duka chini, familia juu, roshani imetokeza barabarani. Siri yake iko juu kabisa, inua kichwa. Wengi waliandika mwaka na jina au herufi za familia kwenye ukuta wa mbele ule wa juu, 1930 na kitu hivi, kwa hiyo jengo linakutajia umri lenyewe, na wewe umepita miaka kumi unanunua simu pale chini hujawahi kuangalia. Halafu soma rangi. Utakuta ghorofa moja roshani nusu ya bluu nusu ya kijani, grili za aina tatu. Sheria ya 1971 ilitaifisha nyumba za kupangisha za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 zikaingia NHC, Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye nyumba akawa ofisi, kila mpangaji akapaka kipande chake. Hiyo nayo ni historia, usiione ni uchafu.

Sasa kuhusu kulindwa, maana ndo shem aliuliza mwisho, "kwa nini wasivunje wajenge ghorofa la maana?" England nyumba ikishaingia kwenye orodha ya taifa, huwezi kubadilisha bila kibali, na si uso tu, mpaka ngazi na milango ya ndani, ukivunja kimyakimya ni kosa la jinai. Kuna daraja la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili la kawaida ambalo ndo zaidi ya 90 katika kila 100. Orodha iko wazi kwa Historic England, unaandika mtaa unasoma.

Kwetu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hapa naomba msome taratibu. Jengo linalindwa lenyewe moja kwa moja likiwa limejengwa kabla ya 1863. Old Boma imeanza 1866. Yaani mji wote wa Dar umezaliwa miaka mitatu nje ya mstari! Kwa hiyo kila jengo mjini mpaka litangazwe lenyewe kwenye gazeti la serikali, lisipotangazwa, au likiondolewa, ndo kama jengo la Salamander mtaa wa Samora, wazee wanalikumbuka, mkienda leo hamlikuti. Ila kuna kitu ambacho sheria hiyohiyo imekibana vizuri na wengi hawajui, mlango au fremu ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 ni mali inayolindwa. Mjomba wako akitaka kumuuzia mzungu mlango wa nyumba ya ukoo, mwambie kwanza aende Idara ya Mambo ya Kale.

Na ukijaliwa nyumba ya namna hii mikononi, hata kama ni ya urithi ya mawe na chokaa kijijini kwenu, kitu kimoja tu, saruji kaa nayo mbali. Sisi nyumba ya upande wa mama Bagamoyo tulichanga mwaka fulani, mimi mjuaji nikawa mbele, tukapiga lipu ya saruji ukuta mzima na rangi ya mafuta juu, tukapiga na picha. Masika mbili hazikuisha lipu ikaanza kuvimba kama chapati, inabanduka na jiwe lake. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu chini na kuutoa hewani, saruji ukiipiga juu maji yanakosa pa kutokea, na chumvi ya pwani inasukuma kutoka ndani. Ukuta wa tofali wa London ni hivyohivyo, uliunganishwa kwa chokaa, ukizibia viungo kwa saruji ni tofali zinazopasuka uso. Tafuta chokaa iliyolowekwa muda mrefu, changanya na mchanga safi, piga kwa tabaka nyembamba na kila tabaka lipe siku zake. Fundi akikwambia hiyo ni kazi ya kizamani mwambie ndiyo, na nyumba ni ya kizamani.

Shem juzi kanitumia picha nyingine, kidole chake kimelazwa kwenye kingo ya dirisha la watu kinapima inchi, na chini ameandika "mwenye nyumba ananiangalia, nisemeje?"